Kipara cha Baba Kwenye Kioo

Marangu, 4 Februari 2025

Kaka Jesse,

Usishangae kupata barua ya karatasi ndani ya tenga la Mama Hilda, imekaa katikati ya ndizi kama mwizi aliyejificha. Simu haitufai tena. Tangu Baba agundue kwamba simu yangu ina video za mlima, anaishika asubuhi mpaka betri iishe, na kila ujumbe unaoingia anausoma. Hasomi kimyakimya. Ule wako wa mwisho, "Mzee asitoke peke yake, ikibidi funga geti kwa kufuli," aliusoma kwa sauti mbele ya mzee wa kanisa, akivuta pumzi penye mkato. Halafu akasema, "Huyu ni mwanangu. Ananifungia kama mbuzi." Mzee wa kanisa alimaliza chai yake haraka akaaga. Tangu siku hiyo jina lako halitajwi hapa. Nikisema "Jesse", Baba anainuka kwenda kuangalia ng'ombe.

Kufuli sijafunga, lakini hofu ninayo ileile yako. Daktari alisema wazi kwamba presha ikicheza, kizunguzungu kitamwangusha popote alipo. Safari ile aliangukia kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, maji yakiwa ya kiangazi, yanafika kifundoni. Masika yakija mfongo huo unabeba magogo. Naye akiamka tu anataka kupanda mpaka geti la mlima kusalimia wapagazi, kana kwamba bila yeye mlima hautafunguliwa.

Sasa shida yangu. Ile kampuni ya Dar imenichukua kwa majaribio: nasikiliza mahojiano ya watu, nayaandika. Ndani ya nyumba ni giza, migomba imeziba madirisha, na mtandao unashika barazani tu. Kwa hiyo nakaa barazani nikitazama ukuta. Usiniambie nigeuke nitazame njia. Hapa ukitazama njia utasalimia, na salamu ya huku unaijua: inaulizia ng'ombe, inaulizia shangazi, mwisho inaomba kiti. Mgongo wangu ndio mlango wa ofisi.

Lakini kioo cha hii laptop uliyonitafutia kinang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Maandishi siyaoni. Naona migomba, naona mbingu, naona kuku wa jirani, na katikati ya ukurasa naona kipara cha Baba, maana kila siku anaweka kiti chake nyuma yangu, palepale, hasogei. Jana nimeandika aya nzima juu ya kipara hicho nikachanganya majina ya watu wawili. Kichwa kinaniuma mpaka kwenye meno.

Wewe ndiye fundi. Fanya kitu. Kazi yenyewe inakwenda vizuri, usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Aikande

*

Moshi, 7 Februari 2025

Mdogo wangu Aikande,

Barua yako imefika ikinuka ndizi mbivu. Mteja mmoja kanusa, akaniuliza kama hapa tunauza na matunda.

Kioo chako si kibovu. Kimetengenezwa king'ae kwa sababu dukani kinachong'aa ndicho kinachotoka. Hakuna muuzaji aliyewahi kumweka mnunuzi barazani Marangu, saa sita, mbele ya ukuta. Mwanga unaokigonga kinaurudisha vilevile ulivyokuja, hakiongezi, hakipunguzi. Ni kioo chema, kina ukweli mwingi mno kwa matumizi ya kila siku.

Zipo dawa za kienyeji. Vaa nguo nyeusi, maana blauzi nyeupe nayo huingia kwenye picha. Pandisha mwanga wa skrini mpaka mwisho, ingawa betri italalamika. Tundika kanga nyuma yako. Hiyo ya kanga ifute: utakuwa umemfunika Baba, atakuuliza kama amekufa.

Dawa ya kweli nimekuwekea kwenye bomba la plastiki. Ni protekta isiyong'aa, ya kubandika juu ya kioo. Ukiipapasa ni laini, lakini ngozi yake ina vijichembe ambavyo macho hayavioni. Mwanga ukitua hapo unatawanyika kama wanafunzi kengele ikilia, kila mmoja na njia yake, na hakuna picha inayorudi. Ubaya wake ni mmoja: maandishi yatapoteza makali kidogo, kama unatazama kupitia manyunyu. Utazoea.

Usiikunje. Ibandikie bafuni, umemwaga kwanza ndoo ya maji ya moto ili mvuke ushushe vumbi. Kompyuta izime. Kioo kifute kwa spiriti ya duka la dawa, siyo pombe ya mbege, nakujua. Anza na ukingo mmoja, vuta ile ngozi ya nyuma polepole, na viputo uvisukume nje kwa kadi ngumu.

Ndani ya bomba kuna jani la sale. Unajua ni la nini. Mpe Baba, mwambie mwanao anaomba radhi. Mimi sili vizuri, Aikande. Kila anaposimama mzee mwenye fimbo kama ya Baba mbele ya kibanda changu cha simu, naangusha bisibisi.

Kaka yako,
Jesse

*

Marangu, 11 Februari 2025

Kaka Jesse,

Bomba limefika, jani limefika, na nimekaa nalo mkononi nisijue nicheke au nikutukane. Tangu lini sale ikapanda tenga la ndizi? Sale inaletwa na mtu mzima mwenye shati lililonyooshwa, anasimama uani, anasema, "Nimetumwa na fulani, anakiri kosa." Akishasema hivyo, aliyekosewa hana ruhusa tena ya kununa, hata kama kununa kwenyewe kulikuwa kunamfaa. Ndiyo maana haichezewi. Wewe umeitumia kujazia bomba ili protekta isicheze!

Baba mdogo Ezra yuko msibani Kibosho. Akirudi nitamwomba aibebe yeye, mambo yaende kwa heshima. Kwa sasa nimeiweka kwenye kikombe cha maji, dirishani jikoni, nyuma ya chupa ya chai. Baba hafiki huko.

Protekta sijaibandika. Naogopa mkono wangu, na pia akili yangu haijatulia, kwa sababu ya Baba. Anacheka peke yake.

Juzi nilipiga miayo, nikasikia mtu anacheka nyuma. Nikageuka, anatazama mbele tu, kama anayetazama mvua. Jana tena. Nimevaa hedifoni, nimempa mgongo kama kawaida, nikasikia kwa mbali: "Aikande, pumzika. Umekunja uso."

Jesse, uso wangu ulikuwa unatazama ukuta. Ameuonaje?

Nikamwuliza, "Baba, unaongea na nani?"

"Na mtu anayechoka."

"Yuko wapi huyo mtu?"

Akaninyooshea kidole, halafu akakishusha, akasema ng'ombe hajanywa maji. Ng'ombe alikuwa amekunywa. Isije ikawa presha imeshapanda hadi kichwani, sisi tunaangalia miguu tu.

Aikande

*

Moshi, 14 Februari 2025

Aikande,

Kuongea peke yake sitishiki nako. Mtu aliyeongoza watalii maisha yake yote hujifunza kuongea na anayemwelewa. Lakini kucheka miayo ya mtu mwingine ni jambo jipya, na huo uso uliokunjwa sijaupenda hata kidogo. Nimemweleza muuguzi anayeleta simu yake hapa, anasema tumpeleke akapimwe bila kuchelewa.

Bandika hicho kitu. Ukiona vizuri utamaliza kazi mapema, tutampeleka hospitali wote wawili. Mimi nitatembea nyuma, asinione.

Na sale usiiache inywe maji jikoni mpaka iote mizizi. Mpe.

Jesse

*

Marangu, 18 Februari 2025

Kaka Jesse,

Fundi mpya amezaliwa. Nimefunga nywele kwa kitambaa, nimemwaga maji ya moto, nimefunga mlango wa bafu mpaka nikawa natokota kama kiti moto. Mara ya kwanza ilikaa upande, nikaiinua. Mara ya pili ikakubali. Kimebaki kipunje kimoja cha vumbi kona ya chini, hakitoki, hakisogei, kinajiona. Nimekipa jina lako.

Nikaileta barazani jua likiwa kali. Jesse, kioo kimenyamaza! Hakuna migomba, hakuna mbingu, hakuna kuku, hakuna kipara. Ni maandishi tu. Nilikaa nikayatazama kama mtu aliyefika mjini.

Kweli, kwa kipara kile nilikuwa najua Baba yupo bila kugeuka. Lakini ana kikohozi. Nitamsikia.

Yeye alikuja akakaa kwenye kiti chake. Akainuka, akakisogeza kushoto. Akakisogeza kulia. Akainamisha kichwa huku na huku kama kuku anayetafuta punje. Mwisho akauliza, "Umekifanya nini hicho kitu?"

"Nimeondoa mng'ao, Baba. Sasa naona vizuri."

"Wewe unaona," akasema.

Nikamjibu ndiyo. 

Leo nimefanya kazi mpaka nikasahau chai ya saa nne. Victoria, msimamizi wangu, hajanirudishia hata ukurasa mmoja. Baba mdogo Ezra bado hajarudi kutoka Kibosho. Baba ametulia siku hizi, hacheki, haongei. Hata simu yangu hajaigusa tangu jana. Nadhani anapata nafuu.

Aikande

*

Moshi, 21 Februari 2025

Mdogo wangu,

Barua hii inapanda na Mama Hilda pamoja na mzigo mwingine: mzee mmoja mrefu, ana fimbo. Mshushe taratibu.

Jana uliponipigia ukiwa getini, unahema, unalia, unasema wapagazi wote hawajamwona na mfongo umeufuata mpaka darajani, nilisema tu, "Yupo hapa," ukakata simu. Una haki. Sasa soma ilivyokuwa.

Nilikuwa nimeinamia simu ya mteja. Kivuli kikasimama. Nikasema bila kuinua kichwa, "Karibu, shida ni kioo au chaji?"

"Shida ni mtoto."

Niliinuka mpaka nikagonga bati. "Shikamoo, Baba!"

"Marahaba." Akatazama mlango wangu wa chuma juu mpaka chini. "Kumbe na wewe una geti. Na kufuli lipo. Usiku nani anakufungia?"

Wateja wakacheka. Nikacheka na mimi, kicheko cha mtu anayenyolewa bila maji. Akatia mkono ndani ya koti, akatoa ile sale, imenyauka ncha, akailaza mezani katikati ya simu zilizofunguliwa matumbo.

"Hii imepotea njia," akasema. "Nimeikuta jikoni kwangu inakunywa maji nyuma ya chupa ya chai. Nikangoja mtu aseme kitu. Hakuna aliyesema. Nimeirudisha kwa mwenyewe, ailete inavyoletwa."

Sikuwa na mjumbe, na shati langu lilikuwa na gundi. Nikaishika sale kwa mikono miwili, nikazunguka meza nikasimama mbele yake. Mama mmoja aliyekuja kutengeneza chaji, Dominika wa Kibosho, hanijui wala hamjui, akaweka kikapu chini. "Lete hapa," akaniambia. Akaichukua, akajifunga kanga vizuri, akamgeukia Baba: "Mzee, nimetumwa na huyu kijana. Anakiri. Kosa lenyewe silijui, lakini ukimtazama unaona ni kweli."

"Baba," nikasema, "nilikuandika kama mbuzi."

"Mbuzi hafungiwi kwa kufuli," akasema. "Anafungwa kwa kamba. Hata hilo hujui." Akaipokea. Dominika akapiga vigelegele, wa kibanda cha jirani wakadhani tunagawa kitu.

Nikadhani yamekwisha. Akakaa kwenye kile kigoda changu, akasema, "Sasa lililonileta. Ile karatasi uliyomtumia mdogo wako. Inatoka?"

"Inatoka, Baba, ukianzia kona. Kwani ina nini?"

"Itoke."

"Ataumia macho."

"Anaumia kwingine."

 Alilala kwangu, asubuhi akaomba karatasi na kalamu, akaandika akiwa amenipa mgongo. Nimejaribu kuchungulia. Ameikunja kama hema.

Na jambo moja, Aikande. Umeandika kwamba Victoria hajakurudishia hata ukurasa mmoja. Kumbe huwa anarudisha? Uliniambia kazi inakwenda vizuri.

Jesse

*

Moshi, 21 Februari 2025

Binti yangu Aikande,

Nakusalimu. Sikuanguka. Nilipita njia ya pembeni, mbali na mfongo, mpaka penye magari ya Moshi, na kila penye jiwe la kukalia nilikaa. Nimesikia umekimbia mpaka getini. Pole. Ungenitafuta chini ungenipata mapema, lakini nyote wawili mnajua kwamba baba yenu Ndelilio anakwenda juu tu.

Mlimani kazi yangu haikuwa kujua njia. Njia iko pale, hata mbwa anaijua. Kazi ilikuwa kutazama nyuso. Mgeni ukimwuliza atasema yu mzima, maana ametoka mbali na anaona aibu. Uso hausemi hivyo. Midomo inageuka rangi, macho yanaanza kutafuta ardhi. Hapo unamshusha, apende asipende. Kiongozi anayetazama migongo ipo siku atashusha maiti.

Mlidhani nakaa nyuma yako ili nilindwe. Mimi nilikuwa nakuona kwenye hicho kioo. Ukicheka nilikuona. Ukipiga miayo kama ndama nilikuona. Na siku ile uliposoma kitu, ukajifuta macho kwa ncha ya kanga, nikakuuliza, ukasema ni vumbi, nilikuona tangu mwanzo. Sikukuaibisha. Nilikuwa nangoja ugeuke.

Sasa nimewekewa mgongo. Mgongo wako siujui kuusoma.

Sikatai kuangaliwa. Kizunguzungu kipo. Lakini na mimi niache niangalie.

Ni mimi baba yako,
Ndelilio

*

Marangu, 28 Februari 2025

Kaka Jesse,

Nilikuwa nimeandaa hasira nzuri. Nimeipanga njia nzima kutoka getini, ina mwanzo, ina kati, ina mahali pa kulia. Baba akashuka kwenye gari akiwa amebeba tenga tupu la Mama Hilda, akanitazama usoni, akasema, "Kaa chini kwanza." Nikakaa. Hasira sijui ilikwenda wapi, mpaka leo sijaiona.

Barua yake nimeisoma nikiwa chooni, mahali pekee asipoweza kuniona uso.

Ni kweli, Victoria alikuwa ananirudishia kurasa, zimejaa alama nyekundu. Siku ile ya vumbi aliandika kwamba nikiendelea hivyo watatafuta mtu mwingine. Wewe ulihangaika kunipatia kompyuta, nikaona nitakuambiaje. Nilifikiri nimeficha. Kumbe nilikuwa nalia mbele ya kiongozi wa mlima.

Protekta nilianza kuitoa jioni ileile, kwa kucha, kuanzia kona ya juu. Ilipofika upana wa vidole vitatu Baba akasema, "Ishia hapo." Akaegemea kiti. "Nakuona." Na mimi nikamwona: kipara, paji, macho mawili yananitazama kama vile nimefika nusu ya njia na bado hajaamua kunishusha. Tukaikata hapo kwa wembe na rula, yeye kashika rula. Sasa chini maandishi yametulia, juu kuna ukanda unaong'aa, kama kile kioo cha dereva cha kuangalia nyuma. Si pazuri. Fundi mwenye heshima yake angekataa kusema ni kazi yake, na wewe nakuomba useme ni yako.

Asubuhi kabla ya kazi tunapanda wote mpaka karibu na geti. Anakwenda mbele, mimi nyuma, na kila kona anasimama, anageuka, ananisoma. Wapagazi wanamwamkia, wananicheka mimi. Tukirudi, watu wakipita njiani yeye ndiye anayewasalimia. Anawajua ng'ombe wao wote kwa majina. Baba mdogo Ezra amerudi, amekuta sale imeshafika bila yeye, amenuna. Itabidi tumtafutie nyingine.

Lakini sijatulia, Jesse. Sikio moja nimeliacha wazi, hedifoni imekaa upande. Nimeizoea sauti ya kiti: kikiburuzwa najua anajiweka kwenye ukanda. Macho yangu yanaruka juu kila sentensi, kama ya mtu anayekula mahali asipoalikwa. Hapa ninapoandika kiti kimeburuzwa, na kwenye ukanda hakuna mtu. Kuna migomba tu. Kikohozi sikisikii. Ngoja.

Naacha kalamu, nageuka.

Aikande

Nimegeuka. Alikuwa amehamia kivulini, chini ya mparachichi. Anasema jua la leo linapiga kipara chake, linarudi kwenye ule ukanda, na ameona nimekunja macho. Anauliza kama unayo protekta ya kubandika kichwani. Njoo Jumapili upime mwenyewe.